Acha Kupima Ncha ya Risasi

Wanaojijazia risasi za raifo, hasa walenga shabaha wa Marekani, wana lalamiko moja: kalibu, yaani kifaa cha kwenye presi kinachosukuma kichwa ndani ya ganda, haijaguswa, lakini kila risasi inatoka na urefu wake. Mara nyingi kalibu haina kosa. Kosa ni kupima kutoka kitako hadi ncha.

Itazame kwa karibu ncha ya kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha kulengea shabaha, chenye tundu mbele. Ina menomeno, imepinda kidogo, na ya jirani yake haifanani nayo. Tofauti ya inchi 0.010 (mm 0.25) ndani ya boksi moja si ajabu. Kisukumio, kile kijiti ndani ya kalibu kinachokisukuma kichwa, kwa kawaida hakigusi ncha. Hukamata ubavu, chini yake. Basi funga komparata (kipande chenye tundu la kuingiza kichwa) kwenye kalipa, kipimio cha taya mbili, upime kutoka kitako hadi kichwa kinapokaribia unene wake kamili. Kipimo cha ncha kibaki cha kujua kama risasi itaingia kwenye magazini, kwa risasi aina ya .308 Winchester kikomo ni inchi 2.800 (mm 71.12). Namba yako ya komparata usiilinganishe na ya mwenzako, matundu ya komparata hayalingani.

Tofauti ikiwa ndani ya inchi 0.002, achana nayo. Ikizidi, anza na shingo ya ganda. Ganda lililooshwa kwa maji na vipini vya chuma hung'aa, ila masizi yaliyokuwa yakilainisha shingo yameisha: kichwa kinashuka kwa kukwamakwama, na unausikia mkwamo huo kwenye mpini wa presi. Dawa ni unga kidogo wa grafaiti ndani ya shingo, na ukingo wa mdomo ulionolewa vizuri. Baruti iliyojaa hadi kushindiliwa nayo hukisukuma kichwa juu taratibu. Pima tena baadaye.

Kwa vichwa virefu vyembamba, paka kimoja wino wa maka, kisukume, kisha ukitazame. Alama ya duara iwe ubavuni. Ikiwa nchani, ncha inagonga dari la kisukumio. Tafuta chenye shimo refu zaidi.

Katika kusukuma, acha kwanza inchi 0.005 juu ya urefu unaoulenga, pima, ndipo umalizie kwa mikromita ya kalibu, ile skrubu yenye vipimo juu yake. Risasi ambayo kichwa chake kimezama kupita kiasi, king'oe kichwa hicho. Usiifyatue risasi hiyo: nafasi ndani ya ganda imepungua, na shinikizo limepanda.