Anko, hii siyo ya wizi

Umeme umerudi saa mbili na nusu usiku. Acha niandike kabla sijasahau.

Wiki iliyopita mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alinitumia kiungo, chini yake kaandika: "Anko, hii siyo ya wizi." Nilicheka peke yangu, maana historia yangu anaijua. Kabla ya hii kazi ya kutoa kopi nilikuwa na meza pembeni ya soko la Majengo, kompyuta moja imejaa vumbi, na kibao: TUNAWEKA NYIMBO. Nyimbo ishirini kwa buku. Ukija na flashi yenye virusi, kuviondoa ni bure. Miaka minne nimekula jasho la watu nisiowajua. Na niliowajua pia: mwanamuziki Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doluma, wa huku huku kwetu Dodoma, aliyefariki 2003, nilimuuza hamsini hamsini, na hata siku moja sikujiuliza ndugu zake wanapata nini.

Basi kiungo kile ni albamu ya bendi ya roki ya Melbourne, Australia, inaitwa King Gizzard & the Lizard Wizard. Mwaka 2017 waliahidi albamu tano ndani ya mwaka mmoja, na wakazitoa zote. Hii ni ya nne, Polygondwanaland, ilitoka Novemba 17. Hawakuiuza. Waliziweka mtandaoni nyimbo zote kumi, halafu wakaongeza faili za kutengenezea santuri na CD, pamoja na picha za jalada: anayetaka achape, agawe, hata kuanzisha lebo yake aanzishe. Lebo ndogo na mashabiki wa nchi mbalimbali wakachapa santuri zao wenyewe.

Habari hiyo niliisoma mara mbili. Kazi ambayo mimi niliifanya kwa kujificha, nikiona mtu kavaa suruali ya kitambaa na kashika bahasha nazima kompyuta, hawa wenye nyimbo ndio wanakuomba uifanye!

Sasa muziki wenyewe. Wimbo wa kwanza unakaribia dakika kumi na moja. Magitaa yanafukuzana, ngoma hazitulii kwenye mapigo yetu manne ya kawaida. Ukijitia kutikisa kichwa unajikuta umeachwa. Mara ya kwanza sikuupenda. Mara ya pili nilikuwa naosha vyombo, mama akaja akasimama mlangoni. Mama amepiga muheme ujana wake wote, ngoma imebanwa mapajani. Akawa anagonga fremu ya mlango kwa vidole viwili, taratibu, na pale ninapopotea mimi vidole vyake havikupotea.

"Hawa kuhesabu wanajua," akasema. "Ila huyo anayepiga kelele mwambie apumzike."

Akaenda kulala.

Jina la albamu nalo limenikaa. Gondwana ni lile bara la kale, enzi Afrika na Australia zimeshikana. Haya majabali yetu ya Dodoma, ambayo watoto wanayateleza mpaka kaptula zinatoboka, yalikuwepo tayari. Sitaki kulikuza jambo, nimelipenda tu.

Lakini bure ya namna hii ni ya mtu mwenye pengine pa kupatia riziki. Bendi ile ina watu wa kujaza kumbi. Kijana wa Chang'ombe anayelipia studio kwa saa, akitoa albamu bure leo, mwezi ujao anauza simu. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiandikia kwamba wasanii wote wangefanya hivi, nilimjibu: kalale.

Jana nilifukua CD tupu zilizobaki tangu enzi ya meza, nikachoma moja. Jina lina herufi kumi na sita. Kalamu ya wino mzito ilibidi izunguke kisahani chote. Nikampelekea jirani mwenye Corolla ya zamani, redio yake haijui flashi ni nini.

"Shilingi ngapi?"

"Hakuna bei."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuwa mdhamini wa mkopo. "Wewe? Kuna nini?"

Leo asubuhi kanipigia simu akiwa Jamatini, hata salamu hakuna: "Kaka, nimetoka Nkuhungu mpaka hapa, wimbo ni ule ule. Hii CD yako imekwama?"