Uso wa mjomba na dirisha moja

Kabla sijashika kamera nazima taa zote, hata ile ya ukumbini. Balbu ya dari humwaga mwanga kichwani, macho yakageuka mashimo, na umanjano wake hugombana na weupe wa dirishani. Kisha nafunga mapazia, nabakiza upenyo mmoja tu. Chumba cha kulala kimeshakuwa studio.

Anayekubali kunikalia ni mjomba. Ana uso wa kupigwa picha: mikunjo, ndevu za mvi asizozinyoa kila siku, kovu dogo juu ya nyusi. Naye hana makuu, mradi redio iwe karibu.

"Mjomba, geukia dirishani kidogo."

"Niangalie nini huko?"

"Usiangalie kitu. Sikiliza redio yako."

Kigoda nakiweka karibu kabisa na dirisha, kama nusu mita, na ukuta wa nyuma uwe mbali kadiri chumba kinavyoruhusu. Siri iko hapo. Mwanga wa dirisha una nguvu ukiwa jirani nao, ukirudi hatua chache unanywea. Nikipima mwanga wa shavu lake, ukuta unazama gizani wenyewe, wala sihitaji kitambaa cheusi.

Kinachonichukua muda ni kichwa. Nusu ya chini ya dirisha naiziba kwa kadibodi ili mwanga utokee juu ya usawa wa macho, halafu mjomba anageuza uso taratibu, kidogo kidogo, mpaka kivuli cha pua kiungane na kivuli cha shavu. Hapo chini ya jicho la upande wa giza inabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Wapiga picha wanaiita mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Akiinamisha kidevu tu, pembetatu imepotea, tunaanza upya.

Mafunzo mengi yanakwambia uweke karatasi nyeupe upande wa kivuli ili kuulainisha. Mimi naning'iniza koti jeusi. Kuta nyeupe zinarudisha mwanga mwingi mno, na bila koti lile kivuli kinakuwa cha kijivu, hakina nguvu.

Lenzi yangu ni ya milimita 50, tundu lake la mwanga linafunguka hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa klozapu, yaani picha ya uso kwa karibu, siifungui yote: ukisogea karibu hivyo, kope zinaonekana moja moja huku sikio limeyeyuka. Naibana hadi f/5.6 na kulenga jicho lililo karibu na kamera. Mwenye simu asiisogeze puani, maana ukaribu ndio unaovimbisha pua. Arudi nyuma kama mita moja, kisha avute kwa lenzi ya mbali kama anayo. Tena kamera ikiona giza tele hudhani imekosea, ikang'arisha kila kitu. Nashusha mwanga kwenye kamera makusudi. Na poda simpaki mtu: mng'ao wa paji na wa mfupa wa shavu kwenye ngozi nyeusi ndio unaochora uso.

Nikichoka namkumbuka Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyepewa kamera na bintiye mwaka 1863, akiwa na miaka 48, akageuza banda la kuku kuwa studio. Walimsema sana kwa picha zake kuwa na ukungu, kukosa ukali. Lakini itazame ile ya mwanaastronomia John Herschel ya mwaka 1867: nywele nyeupe, macho mawili, mengine yote giza. Ukali wa nini tena?

Mjomba nilimwonyesha ile niliyoipenda kuliko zote, ya rangi nyeusi na nyeupe, jicho moja likiwa na kidoa cha dirisha ndani ya mboni. Akaitazama kwa makini.

"Mbona umenizeesha?"

Akachagua ile niliyompiga baada ya kuwasha taa, anacheka, balbu inamwakia kichwani. Ndiyo aliyoiweka WhatsApp.