Siku nzima kwa chupa moja ya damu

Saa 11:30 alfajiri. Boston bado giza, Morogoro ni saa 6:30 mchana, na ujumbe wa sauti wa mama umeshaingia: "Mwanangu, ile dawa ya saratani bado tu?" Mama, sitafuti dawa. Natafuta seli za saratani zinazozunguka kwenye damu. Nimemweleza mara ngapi sijui.

Saa 1:00 nafungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, naangalia seli za wiki zilizopita, nawabadilishia chakula wanaostahili. Ndiyo, nawaita "wao". Wanaelea kwenye sahani ambazo zimetengenezwa ili wasigande chini, kwenye hewa yenye oksijeni asilimia 4 tu. Sahani mbili zimekufa. Naandika, natupa.

Saa 3:10 kliniki inapiga simu: mgonjwa wa saratani ya matiti ametoa damu, mililita 10, inaletwa.

Sasa nieleze kidogo. Uvimbe wa saratani hubandua seli zikaingia kwenye damu. Daktari Ashworth wa Australia aliziona kwenye hadubini tangu 1869. Shida ni uchache wake: mililita moja ya damu ina seli nyekundu kama bilioni 5, nyeupe mamilioni, na hizi zangu labda moja, labda hamna. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo akitoa mawe. Mimi ungo wangu ni kipande cha plastiki chenye mifereji myembamba, na ninachotaka kubaki nacho ni lile jiwe. Tena likiwa hai.

Saa 4:00 damu haijafika. Saa 5:00 haijafika. Jengo lao liko ng'ambo ya barabara! Napiga simu, naambiwa "imeshatoka". Napiga tena, naambiwa yule dada aliyeipokea yuko chakula cha mchana. Saa 7:00 nikavaa koti nikaenda mwenyewe. Dirisha la kwanza wakanipeleka la pili, la pili wakanirudisha la kwanza. Mwisho kijana mmoja akafungua friji, na chupa yangu ndiyo hiyo, imepangwa na chupa za kile kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Kwenye friji! Baridi huamsha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zikiamka hushikana mabonge. Kijana akasema, "Pole dada, tulidhani tunaitunza." Nikasema asante. Ningesema nini?

Kumwomba mgonjwa achomwe tena haiwezekani. Mishipa yake imeshachoka na dawa za sindano, na alishaondoka nyumbani kwake mapema kuliko mimi.

Basi nikaanza. Seli nyeupe unazibandika vishanga vya sumaku, damu unaipitisha kwenye kile kipande, nyekundu zinapita njia yao, nyeupe zinavutwa na sumaku, zinazobaki ndizo unazozitaka. Siku njema inakwenda yenyewe. Leo mifereji ikaziba. Nikasafisha. Ikaziba. Nikabadilisha kipande, na vipande hivi si vya bei ya karanga, nikachuja mabonge, nikaanza upya polepole, mkono kwenye vali, chakula cha mchana kikipoa mezani mpaka kikawa cha jioni.

Giza limeshaingia nilipokaa kwenye hadubini na ile sehemu ndogo niliyoipaka rangi. Kiini cha buluu, alama ya seli nyeupe haipo, keratini, protini ambayo seli za damu hazina, inang'aa. Moja. Nikasogeza. Mbili. Nyingine ilikuwa uchafu. Tatu.

Nilipiga kelele peke yangu maabara nzima.

Sehemu iliyobaki, ambayo sikuipaka rangi, nimeiweka kwenye sahani mpya. Itaota? Mwaka 2014 watafiti wa mji huuhuu walitangaza wameotesha seli za wagonjwa 6 kati ya 36, wakazijaribia dawa. Nao walikuwa na damu ambayo haijalala kwenye friji, nadhani.

Treni ya saa 3 imenipita. Nikapata muda wa kuandika kwa kalamu nene USIWEKE KWENYE FRIJI, nakala kumi na mbili, nikavuka barabara nikabandika moja kwenye kila mlango wa friji niliouona. Kwenye ule wa kijana nimebandika mbili.