Mkate wa Mashamba Mawili

Moshi, Agosti, siku chache baada ya Nane Nane

Desemba ya Uchagani kila mtu anaijua. Kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, magari yanapanda mlimani kwa foleni, na kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinapata sauti za watoto ambao mwaka mzima hawakuwepo. Naipenda Desemba. Lakini ikifika, mahindi yameshaingia stoo zamani, mabua yameshaliwa na ng'ombe, na mgeni anaukuta ugali umeshapakuliwa. Mwezi wenye kazi ni huu wa nane, wenye ukungu wa asubuhi na baridi ya kipupwe, na walio nao ni wale waliobaki nyumbani. Ndio ninaotaka kuwaandika leo, habari zao zikiwa bado mbichi kichwani.

Kwetu ni Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kwa mila yetu kijana wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba yao, na watu wakilisema hilo husema kama vile kijana kapata zawadi. Mimi namtazama mdogo wangu na mkewe na kuona upande wa pili. Sisi wakubwa tulitawanyika: dada yuko Dodoma, kaka yuko Mwanza, mimi niko hapa Moshi mjini. Wao wawili ndio wanaojua mama kalalaje jana, dawa ya presha imebaki ya siku ngapi, na mfereji wa maji umeziba wapi. Tukipiga simu tunaambiwa, "Huku hatujambo, dada, mama anawasalimu." Ndani ya maneno hayo kuna kazi ambayo hatukuiona.

Mahindi yetu hayalimwi mlimani. Kule juu kihamba kimejaa migomba, kahawa, magimbi na miringaringa ya kivuli, na ng'ombe wako bandani. Shamba la mahindi na maharage liko chini, tambarare, upande wa Rundugai, ambako jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Wazee wamelima hivyo tangu zamani, kihamba juu na shamba chini, na mwenye familia anatakiwa awe na miguu ya kufika kote kuwili. Baba alipokuwa hai alikuwa akishuka kwa miguu. Sasa anayeshuka ni wifi yangu.

Alipanda mwezi wa tatu, masika yalipofungua. Mahindi yalipofika magotini viwavijeshi vamizi vikaja. Wadudu hawa tunao nchini tangu mwaka 2017, na anayelima anajua wanavyoweza kutafuna jani changa likabaki uzi. Wifi alikuwa anaondoka gizani, anadandia pikapu ya jirani, na jua likichomoza yuko tayari kwenye mistari, anafunua mmea mmoja mmoja, anatoa kiwavi kwa vidole, anatia majivu katikati ya majani. Halafu anapanda mlima kuja kukata majani ya ng'ombe na kumpikia mama mtori. Nilimuuliza alichoka kiasi gani. Akanijibu, "Wifi, nilikuwa naomba tu Mungu aniachie nusu." Mungu amemwachia zaidi ya nusu. Magunia yako stoo, nimeyashika kwa mikono yangu.

Mwaka huu sote tulikuja. Nane Nane ni siku ya mapumziko, dada na kaka wakaomba siku za kuongezea, nami nikapanda daladala hadi njia panda ya Machame, kisha nyingine ya kwenda juu. Kazi ya kuvunja mahindi ilikuwa imekaribia kwisha, tukakuta ya kumenya, kuanika na kupukuchua. Jioni barabara ya Machame ilikuwa na pikapu zilizopakia mabua hadi kioo cha nyuma kimezibwa. Mabua hayo ni chakula cha ng'ombe hadi vuli inyeshe na majani yaote. Ng'ombe anakula kilichotoka chini, samadi yake inaingia kwenye migomba iliyo juu, na mgomba unampa mtu ndizi na ng'ombe vigogo. Nimezaliwa katika mzunguko huo na bado unanistaajabisha. Hakuna kinachotupwa, na ukipungukiwa mikono ya kubeba, wote unasimama.

Kuna jambo la mdogo wangu nataka nilieleze kwa urefu kidogo. Mahindi hayaingizi stoo kwa kuyatazama wala kwa kuyang'ata. Anachukua chupa ya kioo iliyokauka, anatia mahindi na chumvi kavu, anafunga, anatikisa kwa dakika chache kisha anaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yanarudi juani kwenye turubai. Ikidondoka yote chini, anafunga gunia. Bwana shamba ndiye aliyemfundisha. Sababu ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoshambulia ini na isiyoondoka hata ukipika ugali hadi usiku. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na dada anayeishi kule alinyamaza kabisa alipokuwa anaitazama ile chupa. Wajomba zetu walio mbali wanapokea kiroba cha unga kila Krismasi na kusema asante. Nadhani hawajui kwamba kuna mtu aliketi na chupa ya chumvi kwa ajili yao.

Sasa mkate. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno usharikani, na mama alitaka familia ipeleke kitu kilichopikwa, siyo debe la mahindi peke yake. Akasema, "Mwanangu, tuokee mkate wenye vitu vyetu." Vitu vyetu ni dona jipya kutoka chini, ndizi kisukari kutoka juu, maziwa ya bandani na mayai ya kuku wa mama. Ngano, hamira na sukari tulinunua.

Dona likitiwa kavu kwenye donge linabaki na chengachenga mdomoni, na mahindi hayana mnato wa ngano, hivyo ukilizidisha mkate unakaa chini na kumeguka. Mimi hutumia kikombe kimoja cha dona kwa vikombe vinne vya ngano. Dona nilichekecha, nikalimwagia kikombe na robo cha maziwa yaliyotoka kuchemka, nikakoroga hadi likawa kama uji mzito, nikaliacha lipoe. Hapo ndipo linapolainika. Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda lina madoa meusi, sita ndogo zinatosha, nikaziponda kwa uma. Yai moja, vijiko viwili vya mafuta, vijiko viwili vya sukari (ndizi zina sukari yake), kijiko kimoja cha hamira ya chenga, chumvi kidogo, na iliki ya kutwangwa. Iliki niliipenda mimi, mama angeiacha.

Donge hili linanata, na mwenye haraka atalijaza ngano hadi liwe gumu. Likandwe hivyohivyo kwa mikono iliyopakwa mafuta, litajishika lenyewe. Kipupwe hamira inalala, kwa hiyo wifi aliliweka bakuli jikoni karibu na mafiga, akalifunika kwa kanga. Watoto walikuwa wanapokezana kuchungulia.

Nyumbani hakuna oveni. Tuliokea sufuria, kama bibi alivyokuwa akioka keki za kipaimara. Mdogo wangu alikata jani la mgomba, akalibabua juu ya moto hadi likalegea, tukalitandika ndani ya sufuria lisishike. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Moto wa chini ndio unaoharibu mikate ya watu, unaunguza tako huku katikati pabichi, kwa hiyo wifi alikuwa anachomoa kaa moja, anarudisha jingine, ananusa. Hakutazama saa hata mara moja. Alipofunua na kuchoma kijiti kikatoka kikavu, mama akafumba macho akasali palepale, amesimama na fimbo yake, kwa Kimachame, sala ndefu. Alitaja shamba la chini kwa jina la babu aliyelipata. Alimtaja baba. Alimtaja wifi kabla ya kututaja sisi aliotuzaa, na hakuna kati yetu aliyeona amekosewa.

Usiku ule nilifungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 26, unaosomwa mara nyingi siku za mavuno. Nimeusikia tangu utotoni, lakini safari hii nilisimama mahali ambapo huwa napita. Mtu anapeleka kapu la malimbuko kwa kuhani. Haambiwi aseme "Asante Bwana" akaondoka. Anaambiwa asimulie: baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, walishuka Misri wakiwa wachache, wakateswa, wakalia, wakatolewa, wakaletwa kwenye nchi hii, na tazama sasa ameleta mazao ya ardhi. Baada ya hapo ndipo anafurahi, yeye na nyumba yake, pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kwao. Kapu linakwenda na habari yake. Nikaona mama, aliyeishia darasa la nne, amefanya hivyohivyo mbele ya sufuria bila kufungua kitabu.

Nilitamani kwamba nasi tungekuwa tunashukuru kwa namna hiyo mara nyingi zaidi. Sala zetu za chakula mjini ni fupi mno, "bariki chakula na walioandaa", na walioandaa hawana majina.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa mzito hadi mlima haukuonekana kabisa. Machame ndiko wamisionari Walutheri wa Leipzig walikoanzia kazi mwaka 1893, na sikukuu ya mavuno imekita mizizi kwetu. Watu walipanda na mikungu ya ndizi mabegani, kuku waliofungwa miguu, miwa, maparachichi, madumu ya maziwa, maharage kwenye vikapu. Mbele ya madhabahu palijaa hadi mchungaji akapita kwa upande. Kwaya iliimba, na bibi mmoja aliyekuja na mayai matatu kwenye leso alisindikizwa hadi mbele kwa vigelegele vilevile alivyopigiwa mwenye magunia.

Baada ya ibada ukafuata mnada uwanjani. Nimewahi kusikia watu wakisema mnada unapunguza uchaji. Mimi sioni hivyo. Mzee wa kanisa ananadi, watu wanacheka, jirani anamchokoza jirani kwa kupandisha bei, na kitu kinanunuliwa kisha kinarudishwa kiuzwe tena, fedha zikaongezeka na furaha pia. Mkate wetu ulianzia elfu mbili. Mwalimu mmoja mstaafu akaununua kwa elfu kumi akaurudisha. Kaka, dada na mimi tukatazamana, tukachanga, tukaununua kwa bei ambayo mama aliguna alipoisikia. Kaka akauchukua, akaenda alipoketi wifi pamoja na akina mama wenzake, akamkabidhi kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Huu ni wa mama wa shamba. Aika mae," yaani asante mama. Wifi alijifunika uso kwa kitenge. Wanawake waliokuwa karibu naye walisimama wote.

Aliukata hukohuko. Kila mtu alipata kipande kidogo, watoto wa majirani walikuja mara mbili, na mama alisema iliki si mbaya.

Jioni tuliongea sote jikoni, moto ukiwa bado unawaka, na yalikuwa mazungumzo ya maana kuliko yote tuliyofanya tangu msiba wa baba. Tumekubaliana kuchanga fedha za kukodi mashine ya kupukuchulia, mdogo wangu na mkewe wasipige magunia kwa fimbo tena. Kaka atagharamia usafiri wa kushuka shamba la chini msimu wa kupalilia. Dada ameshaandika kwenye kalenda yake likizo ya Agosti ijayo badala ya Desemba, na amepeleka Dodoma kilo kadhaa za dona na karatasi yenye vipimo vya mkate. Mimi niko karibu zaidi ya wote, kwa hiyo nimechukua sehemu ya mikono. Mwezi wa tatu mvua ikianza, nitashuka Rundugai na wifi kupanda. Nimeshamwambia, na ameshaniuliza nina mabuti.