Mkazi wa Muda Hamburg

Nilifika Hamburg kwa treni kutoka Frankfurt, safari ya takriban saa nne, nikiwa na mkataba wa kazi ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa imekwisha kuandikwa. Tarehe hiyo ndiyo iliyotawala maamuzi yangu ya mwanzo: nilipanga chumba chenye samani za mwenye nyumba, sikununua chochote kisichoingia kwenye sanduku, na kila jambo lililohitaji subira nililipima kwa miezi iliyobaki.

Serikali ya Ujerumani haikuniona hivyo. Sheria inamtaka kila anayehamia kwenye makazi mapya ajiandikishe ndani ya wiki mbili, na anayekuja kutoka nje kwa mkataba wa zaidi ya miezi mitatu hasamehewi. Karani aliniuliza hata dini yangu, swali lililonishangaza mpaka mfanyakazi mwenzangu aliponieleza kuwa waumini wa makanisa makubwa hukatwa kodi ya kanisa, ambayo kwa Hamburg ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Baada ya hapo barua zilianza kuja zenyewe: kwanza namba ya mlipakodi, kisha ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, uwe na televisheni au usiwe nayo. (Mimi sikuwa nayo.) Ofisi nisizowahi kuzikanyaga zilinijua kikamilifu, ilhali mimi na jirani wa mlango wa pili tulikuwa bado hatujaulizana majina.

Kazi ilikuwa ng'ambo ya kusini ya mto Elbe, eneo la Steinwerder, na mara nyingi nilivuka kwa miguu kupitia handaki la zamani lililofunguliwa mwaka 1911. Mtu hushuka kwa lifti au kwa ngazi, kisha hutembea mita 426 chini ya mto, kati ya kuta za vigae zilizopambwa kwa sanamu za viumbe vya majini. Lilijengwa ili wafanyakazi wa bandari na wa viwanda vya meli wasitegemee tena vivuko, ambavyo ukungu na barafu viliweza kuvikwamisha, na hadi leo mwenda kwa miguu halipi chochote. Nilipenda sana njia ile, labda kwa kuwa haikumbagua mtu: aliyezaliwa mjini na aliyekuja juzi walishuka kwa lifti ileile, wakiwa na haraka ileile ya kuwahi zamu.

Jumapili ilikuwa habari nyingine. Maduka mengi hufungwa, kwa kuwa pumziko la siku hiyo linalindwa na katiba yenyewe, na mwenye familia hulifurahia. Aliyekuja peke yake kwa mkataba hubaki na siku ndefu isiyo na shughuli. Desemba, jua linapozama karibu saa kumi alasiri, hata huo urefu wake ni wa giza. Wenyeji hupanga kuonana wiki nyingi kabla, na kwa muda nilikataa mialiko ya tarehe za mbali kwa hoja kwamba huenda nitakuwa ninafunga mizigo. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwenye kalenda, lakini haikunisaidia kuishi, kwa maana mwili hauwezi kuahirishwa hadi mkataba utakapokwisha. Nikanunua baiskeli iliyotumika, nikaanza darasa la jioni la Kijerumani, na nikaikubali mialiko ya Juni, mwezi ambao mwanga hukaa hadi karibu saa nne usiku.

Hata kuondoka hakukuikata habari yote. Mchango wa pensheni ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya anayerejea kwao kabla ya kuchangia miaka 5 anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyokatwa yeye, ila ni lazima kwanza ipite miezi 24. Fomu ninayo tayari, ninasubiri muda utimie.