Shazia saba

Gerezani, kabla ya lokapu, yaani kufungiwa vyumbani, kazi ya mwisho kwenye karakana ya ushonaji ilikuwa kuhesabu. Mikasi kwanza, kisha sindano, kisha sisi wenyewe, tumechuchumaa kwa mistari. Mkasi mmoja usipoonekana, hatoki mtu mpaka upatikane. Niliona watu wazima wakipekua vitambaa vya njano kwa magoti, wakitafuta mkasi ambao afande alikuwa ameukalia.

Mwaka 2017 nilihukumiwa miaka 6. Nilikuwa tanboi kwenye lori la Mombasa kwenda Kampala, na sitazunguka mbuyu: nilikata turubai usiku, wenzangu waliokuwa wakisubiri na pikapu wakashusha magunia ya mchele. Unakata kwa wembe, kona ya nyuma, mkato kama herufi L, upande ambao upepo unaukunja na kuufunika tena. Dereva akipitisha tochi haoni kitu. Nilianzia kifungo Tororo, nikahamishiwa Luzira. Sheria inasamehe theluthi moja ukiwa na mwenendo mzuri, kwa hiyo Juni 2021 nilikuwa nje na cheti cha ushonaji, shati moja, na namba ya simu ya Mama kichwani.

Nchi ilikuwa inafungwa kwa mara ya pili kwa ajili ya korona. Majirani walilalamika kwamba siku 42 za kukaa nyumbani zitawaua. Nikanyamaza.

Barabara zilipofunguka nikaenda Kampala, Kiyembe, kule mafundi cherehani walikobanana. Nilipata nafasi kwa mama mmoja aliyekuwa akishona sare za shule. Mkono wangu ulimpendeza. Tatizo lilikuwa mdomo. Luganda sikijui vizuri. Najua Kiteso cha nyumbani na Kiswahili cha barabarani, na hiki cha pili nilikiongezea makali ndani, maana amri zote za askari huko ni Kiswahili. Sasa Kampala, hasa kwa watu wa umri wake, mtu anayemwaga Kiswahili ni mwanajeshi au ni mwizi. Siku ya pili akaniuliza huku akicheka, “Ssebo, Kiswahili hiki umekitoa wapi, barakisi au Luzira?”

Nami nikacheka, ila nilichelewa kidogo. Aliona. Pochi yake iliyokuwa mezani ikahamia mapajani, na haikurudi mezani tena.

(Mwaka uliofuata baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Mpwa wangu ananiletea mazoezi ya ngeli nimsaidie. Mimi, mwalimu!)

Nilidumu Kiyembe siku 9. Siku ya tisa kikapotea kipande cha kitambaa, mita mbili hivi. Kilipatikana kesho yake chini ya mzigo mwingine. Fundi mwenzangu ndiye aliyempigia Mama ili nielezwe. Lakini mimi nilikuwa nimeshaambiwa nisirudi, na aliyeniambia hakupiga.

Nasema alimpigia Mama kwa sababu mimi sikuwa na simu. Kitambulisho changu kilipotelea mikononi mwa watu siku nilipokamatwa. Uganda bila kitambulisho cha taifa husajiliwi laini, na bila laini huna pesa za simu, na siku hizi nani atakulipa mkononi? Kupata kingine kulianza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chetu. Mzee yule ananijua tangu nikiiba maembe. Akasema hawezi kuandika barua kabla hajazungumza na wazee. Alizungumza nao miezi minne. Kila nilipokwenda nilimkuta peke yake, chini ya mti, na mrija wake kwenye chungu cha ajon, pombe yetu ya ulezi.

Mama akasajili laini kwa jina lake. Akawa benki yangu. Pesa ikiingia anakata ya sukari kwanza, halafu ananipigia kelele nje ya nyumba kiasi kilichobaki, kijiji kizima kinasikia. Nilimwomba apunguze sauti. Akasema waache wasikie kwamba unalipwa.

Kilichonitoa kilikuwa foleni. Wanaokaa Malaba wanakumbuka Januari 2022: madereva waligoma kwa sababu ya vipimo vya korona mpakani na pesa walizotakiwa kulipia, malori yakasimama upande wa Kenya, kilomita baada ya kilomita, siku baada ya siku. Huku kwetu petroli ikapanda hadi watu wakaegesha bodaboda. Akina mama walivuka na vyungu vya chakula. Mimi nilivuka na shazia mbili, zile sindano nene za gunia, na uzi wa nailoni, mshumaa, kiberiti cha gesi na vipande vya turubai kuukuu. Lori likisimama siku tano barabarani, usiku lina wageni wake, na wageni hao huja na wembe.

Lori la kwanza kuniita lilikuwa la mzee mmoja wa Changamwe, Mombasa. Alikuwa amebeba mchele. Ningependa kusema ilikuwa mbolea, lakini ulikuwa mchele. Nikapanda nyuma. Kona ya kushoto, mkato wa herufi L, safi, umeanzia juu ukashuka. Nilitia kidole kwenye ile pembe nikakaa hivyo kidogo.

Turubai halishonwi kama shati. Uzi unaupitisha kwenye nta ya mshumaa usikatwe na vumbi. Kiraka unakiweka kwa ndani ili maji yasipate ukingo wa kuingilia, unashona mstari mmoja kwenda na mwingine kurudi, na kwenye pembe unarudia mara tatu, kwa sababu hapo ndipo upepo unapovuta. Mwisho unayeyusha ncha ya uzi kwa moto na kuibana kwa kidole gumba kabla haijapoa. Kidole changu bado kina alama.

Mzee alikuwa chini ananitazama. “Kijana, hii kazi umejifunza wapi?”

“Luzira, mzee.”

“Ni chuo?”

“Ni jela.”

Akanyamaza. “Ulifungiwa nini?”

Ningeweza kusema chochote. Hakunijua, na Luzira ni mbali na Changamwe. Nikasema, “Kukata turubai.”

Alicheka mpaka akashika tairi. Akasema, “Basi unajua wanapoanzia.” Kisha akajifuta macho, akasema anakwenda kutafuta chai, na akaenda kweli. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kati ya malori. Nimekaa juu ya mchele wa mtu, turubai limefunuka nusu, na hakuna anayenihesabu. Nilishona polepole kuliko nilivyopaswa.

Alinilipa shilingi 500 za Kenya. Mpaka jioni madereva wengine watatu walikuwa wameniita, na kila mmoja alikuwa ameshaambiwa kisa changu, kimeongezwa chumvi. Mmoja aliniita “Profesa wa Luzira”. Nikaitika.

Barua ya LC1 ilitoka Machi. Leo nina kibanda karibu na maegesho ya malori, cherehani mbili, laini yenye jina langu, na shazia saba.

Mwezi uliopita alikuja kijana aliyetoka ndani wiki hiyohiyo. Anashona vizuri, ringi za turubai anazipiga kuliko mimi. Siku ya kwanza, alipoondoka, nilihesabu shazia. Siku ya pili nilihesabu yeye akiwapo, bila kufikiri, kwa sauti. Nilipofika nne nikainua macho: kijana alikuwa amechuchumaa kando ya mlango, mikono magotini, kichwa chini.

Nikamwambia, “Inuka, bwana.” Zilikuwa saba.

Asubuhi nikampa ufunguo nikapanda matatu kwenda Tororo kununua uzi. Kabla sijafika nilikuwa nimempigia mara mbili. Mara ya pili hakupokea. Alikuwa juu ya lori.