Pauni 58 kuambiwa kioo hakipandi

Naanza na risiti, maana ndiyo iliyonikera hadi nikakaa kuandika. Pauni 58. Chini yake wameandika kazi waliyoifanya: kioo cha mlango wa dereva hakipandi. Basi, imeishia hapo. Nilikwenda gereji nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba kioo cha mlango wa dereva hakipandi, wakakaa na gari dakika 40, wakanirudishia maneno yangu yaleyale yamechapwa kwenye karatasi yenye nembo. Hiyo huku Uingereza inaitwa uchunguzi. Fundi wa kwetu akikulipisha pesa ya kutazama tu, mtaa mzima utapata habari kabla ya adhuhuri.

Halafu wakanipa makadirio. Mashine ya kupandishia kioo, mpya, 214. Ufundi saa mbili, kila saa 96. Jumla 406, juu yake kodi asilimia 20, inakuja pauni 487 na peni 20. Zidisha mwenyewe uipate kwa shilingi, mimi nilishaacha, presha inapanda bure. Hesabu yangu ni ya aina nyingine: kazi yangu ya kulea wazee ilikuwa inanilipa 12.60 kwa saa. Kioo kimoja ni saa 38 na ushee kabla sijakatwa chochote. Yaani wiki nzima ya kuogesha watu, kuwageuza kitandani, kuwalisha uji wa shayiri na kusikiliza hadithi ileile mara nne, ili kipande cha kioo kipande juu kimo cha mkono.

Kijana wa kaunta akaniuliza, "Tuendelee?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai iwe na sukari. Nikamwambia ngoja nifikirie. Kusema "punguza bwana" huku haipo. Nilijaribu mwaka wa kwanza kwenye duka la viatu, mama muuzaji akanitazama kama nimemwomba figo.

Sasa mtauliza gari gani. La Kijerumani, la mwaka 2004, na ni la kufunua paa. Ndiyo, najua. Mtu katoka Dar, kwenye jua la bure mwaka mzima, hajawahi kuwa na hamu ya gari la wazi hata siku moja, anafika Coventry kwenye mvua ndiyo anataka upepo kichwani. Nililinunua mwezi wa Novemba kwa pauni 1,450, kwa sababu Novemba hapa hakuna anayetaka kusikia habari za gari la namna hiyo, na mwenyewe alikuwa amechoka kulitazama. Nikapiga picha nalo paa likiwa limefunuliwa, nikamtumia mama. Akanijibu kwa sauti: "Baba, mbona gari limeishia kwenye linta? Pesa ya bati imekosekana?" Toka siku hiyo familia nzima wanaliita Linta.

Nieleze kidogo, maana gari hizi zina tabia zake. Mlango wa Corolla una fremu juu, kioo kinapanda ndani ya mfereji wake, hata kikiwa kimelegea kinajua njia. Gari la kufunua paa halina fremu. Kioo kinasimama peke yake hewani, na kinatakiwa kikabane raba ya paa la turubai bila msaada wa mtu. Ukivuta kitasa, kioo kinashuka kwanza sentimita moja hivi ili kitoke kwenye raba, ukifunga mlango kinarudi juu chenyewe. Kwa hiyo kila ukiingia na kila ukitoka, ile mashine inafanya kazi hata kama hujagusa swichi. Hesabu hiyo kwa miaka ishirini. Na ndani yake kinachoshika kioo ni kidude cha plastiki, si kikubwa kuliko kiberiti, kinachopandishwa na waya wa chuma uliozungushwa kwenye kapi, vile vigurudumu vya kupitishia waya. Baridi ikishaikausha plastiki, kazi imeisha.

Yangu iliisha saa nne usiku, nimetoka zamu, mvua ya huku ile isiyopiga kelele. Nikavuta mlango, nikasikia *trrrk-trrrk*, halafu *tak*, kioo kikadondoka ndani ya mlango kama sarafu ndani ya kibubu. Nikabonyeza swichi, mota inalia vizuri tu, hakuna kinachopanda. Nikaendesha nyumbani bega la kulia limelowa. Nikabandika mfuko mweusi wa taka kwa tepu, nikalala nimenuna.

Asubuhi mfuko haupo. Gari limefunikwa turubai la kijani, zuri, zito, limefungwa kamba kila kona kwa vifundo vya mtu aliyewahi kufunga mizigo. Wazo langu la kwanza, nisiwafiche, lilikuwa baya. Nilidhani ni watu wa manispaa, au kuna jirani kachukia kuona mfuko wa taka mtaani kwake. Turubai likakaa siku kadhaa sijui la nani na sikuuliza. Ukiishi huku miaka kadhaa unajifunza kutouliza, na hilo ni moja ya mambo ninayoyachukia ndani yangu.

Na ninyi mnaoniandikia kila wiki "bro nifanyie mpango," hebu tusimame hapa kidogo. Leseni yako ya Tanzania au Kenya hapa unaendeshea miezi 12 tu toka uanze kuishi, baada ya hapo unafanya mtihani kama mtoto wa miaka 17: wa maandishi pauni 23, wa barabarani 62 siku za kazi, na ukifeli unalipa tena. Mimi nilifeli mara mbili, na Dar niliendesha miaka tisa! Bima ya mwaka wa kwanza inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Na mtu anayekuuzia leo barua ya udhamini ya kuja kulea wazee anakuibia mchana kweupe. Toka tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje umefungwa. Shamba la baba yako usiliuze kwa ajili ya karatasi hiyo.

Turudi kwenye kioo.

Nilimpigia fundi wangu wa Tabata, kule Dar. Tulipotezana toka nilipoondoka, na kuna sababu, nitaifikia. Nikampigia kwa video, huku kwangu jioni, kwake usiku, nyuma yake kuna gari limeinuliwa kwa jeki na kijana anamulika kwa tochi ya simu.

"Kaka mkubwa! Umetukumbuka leo?"

Nikamweleza. Akaniambia nisogeze simu mlangoni, nibonyeze. "Tena. Achia. Tena." Akawa hatazami hata kioo, kainamisha sikio. "Mota nzima hiyo, inalia yenyewe haina mzigo. Ingekuwa kimya ningekwambia anza na fyuzi, swichi, au waya zimekatika pale kwenye raba ya mlango. Huo ushikilio wa plastiki umekufa, na waya wa chuma lazima umeshatoka kwenye kapi. Nenda kachukue mashine nzima, mota acha hiyohiyo." Sekunde 20. Bure. Kupitia simu, kutoka bara jingine. Nikaikumbuka ile risiti ya 58 nikataka kulia.

"Gerezani yenu huko iko wapi?" akauliza, maana Gerezani ndiko Dar tunakonunua spea. Gerezani yetu iko mtandaoni. Nikaagiza mashine kwa pauni 31, nikajisifu, ikaja, siyo yenyewe. Nilichukua ya gari la milango minne. Jina la gari moja, mwaka mmoja, lakini la kufunua paa lina milango miwili mirefu na kioo kirefu, mashine yake ni nyingine kabisa. Jizoesheni kuangalia namba ya spea, siyo jina la gari. Bahati nzuri ukinunua mtandaoni hapa sheria inakupa siku 14 za kubadili mawazo, ila nauli ya kurudisha ilikuwa juu yangu. Ya pili 46. Ndiyo yenyewe.

Jumamosi nikaanza kazi barabarani, nje ya nyumba. Nikatoa waya wa betri nikasubiri, maana kwenye mlango kuna mfuko wa hewa wa ajali na sitaki unipasukie usoni. Skrubu zenyewe ni za kichwa cha nyota, mimi nina bisibisi mbili na spana moja ya kurekebisha. Ndiyo nimesimama hivyo, nazitazama kama zinaweza kubadilika, nikasikia mlango wa ng'ambo ya barabara.

Ni mzee mmoja. Miaka miwili tumekuwa tukitikisiana vichwa, basi. Nilishamhukumu zamani: kila nikitoka, pazia lake linacheza, nikasema huyu hanitaki mtaani. Akavuka na sanduku la chuma la spana, rangi imebanduka, kila kitu ndani kimepangwa kama sahani za bi harusi. Akatazama mlango, akasema, "Turubai langu limesaidia?"

Sikuwa na jibu. Nikasema asante mara tatu kwa lugha mbili.

Yule mzee hakugusa kazi yangu. Alinipa kilichohitajika kabla sijakiomba, na nilipotaka kulegeza nati ya kwanza ya reli akanishika mkono. Akatoa maka peni mfukoni, akachora duara kuzunguka kila nati pale ilipokaa. Nati namba 10, zote. "Hapo ndipo kiwandani walipoziweka," akasema. "Ukipapoteza, utatafuta mwezi mzima." Jamani, kama kuna kitu kimoja cha kubeba humu, ni maka peni. Kwenye gari lenye fremu ukikosea milimita tatu hakuna atakayejua. Kwenye hili, milimita tatu ni maji kwenye paja na mluzi sikioni ukifika maili 60.

Akashikilia kioo kwa viganja viwili, kimeinuliwa, dakika kama 40, mimi nikifungua mashine ya zamani nikiitoa kwenye tundu kwa kuigeuza huku na huku kama kutoa kitanda chumbani. Kile kidude cha plastiki kilitoka vipande vitatu. Waya umefumuka, umesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa. Mzee mikono inamtetemeka, namwambia tupumzike, anasema endelea.

Ndipo akaanza kuzungumza. Alifanya kazi Ryton, kiwanda cha Peugeot cha hapa jirani na Coventry, mpaka kilipofungwa mwaka 2006. Alikuwa upande wa milango. Milango! Ya Peugeot 206, maelfu kwa maelfu. Nikamwambia mjomba wangu alikuwa na Pijo 504, ile ndefu ya safari, Tanga hadi Arusha, abiria wamepangwa kama dagaa na mbuzi juu. Akacheka mpaka nikaogopa ataachia kioo. Akataka kujua mbuzi alifungwaje. Nikamweleza. Akaniuliza na aina ya fundo.

Kioo kilipanda saa saba na nusu mchana. Kabla ya kurudisha kava akanifanya nibandike upya ile karatasi ya sponji ya ndani, gundi yake nyeusi inanata kama ulimbo, kwa sababu maji yanayoshuka na kioo yanatakiwa yatokee chini ya mlango, na ile ikiachia yanaingia kwenye zulia. Betri ikarudi, kioo kikawa kimejisahau, hakijui juu ni wapi. Nikakipandisha hadi mwisho nikashikilia swichi sekunde kadhaa, akili ikakirudia.

Halafu akachana ukanda wa gazeti, akauweka kati ya kioo na raba ya paa, akafunga mlango, akavuta. Ukabana. Akahamia kona ya nyuma, ukachomoka kama nywele kwenye siagi. Legeza, sukuma kioo ndani kidogo, kaza, funga, vuta. Tena. Alirudia mahali pamoja mara saba, na sikumwona akikunja uso. Mwisho gazeti likachanika mkononi mwake kila kona, akatikisa kichwa kile cha miaka miwili yote, akakusanya spana zake. Nikatoa noti ya 20. Aliitazama kama mimi nilivyotazamwa kwenye duka la viatu.

Jumatatu nikampelekea sufuria ya pilau. Aliirudisha imeoshwa, kumebaki harufu ya iliki tu, akauliza yale mapande meusi yanaliwa au yanatupwa. Karafuu. Alikuwa amezila.

Sasa fundi wa Tabata. Nilimtumia picha kioo kikiwa juu, na elfu hamsini kwa simu, pesa ya ushauri, hakuniomba. Nilijiona muungwana sana. Maana huyu ndiye niliyekuwa nikimkaba koo kwa kazi hiihii, mlango wa dereva, kwenye Corolla yangu ya Dar, mwaka 2017. Alitaka elfu thelathini, nikapiga kelele, nikamshusha hadi ishirini, nikampa tano, nikasema nitamalizia Ijumaa. Nusu siku yake, amelala kwenye vumbi chini ya muarobaini. Saa moja huku ni pauni 96.

Jibu lilikuja usiku, baada ya ujumbe wa muamala kuthibitishwa:

"Imefika kaka, Mungu akubariki. Hii ni ya Mjerumani. Ile ya Corolla, elfu kumi na tano, bado."